Skuli, tuzo na mtindo: jibu kwa binti wa Wete anaetaka kuongoza filamu

"Assalaam alaykum. Mimi ni binti wa miaka 23, natokea Wete, Pemba. Nimeshatengeneza filamu fupi mbili kwa simu. Ya pili inamuhusu bibi anaechambua karafuu na mjukuu wake anaetaka kuondoka kisiwani, ina dakika 14. Kila nikisoma wasifu wa waongozaji wanaochipukia naona mambo matatu tu, kasoma wapi, kashinda tuzo gani na mtindo wake wa kisanaa ni upi, na mimi sina hata moja. Baba anasema nikasome ualimu kwanza. Juzi nimepata imeili kutoka tamasha moja la mtandaoni wananambia nimeshinda mwongozaji bora chipukizi ila nilipe dola 120 wanitumie kombe na cheti. Rafiki yangu anasema filamu zangu hazina mtindo, ninunue droni na nijifunze kuweka rangi za kisinema. Jee skuli ya filamu ni lazima? Nilipe hiyo tuzo? Mtindo unapatikana vipi? Na filamu yenyewe niitie YouTube au nisubiri?"

Waalaykum salaam mwanangu. Kwanza hongera, manake mtu aliekaa Wete na simu yake akamaliza filamu mbili hana haki ya kusema hana hata moja. Kumaliza ndo kazi kubwa, wangapi wana kamera za maana na skripti kumi hazijaisha, na wewe una dakika 14 zina mwanzo na mwisho. Nnakuelewa lakini hofu yako, unasoma zile karatasi za watu unaona wenzako washafika na wewe hujaanza safari, na nyumbani nako baba anakuvuta kwengine. Ntakujibu yote, na pa kukupinga ntakupinga.

Hizo wasifu zinakudanganya kwa namna zinavoandikwa. Kasoma pahala fulani, kashinda kitu fulani, mtindo wake ni hivi na hivi, basi msomaji anadhani mambo yalikwenda kwa mpangilio huo, skuli ikazaa tuzo na tuzo ikazaa mtindo. Ni sawa na kumuona bi harusi keshapambwa, kakaa, ukafikiri ndivo alivoamka asubuhi. Kilichotolewa kwenye wasifu ni ile miaka ya katikati, filamu ambazo hakuna alietaka kuziangalia na barua za kukataliwa.

Chukua mfano wa karibu, Amil Shivji. Ukisoma haraka unaona alisoma filamu York University kule Toronto, halafu Vuta N'kuvute aliyoitoa kwenye riwaya ya mzee wetu Adam Shafi, ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ikachaguliwa tamasha la Toronto 2021 na Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar. Safi kabisa. Sasa rudi nyuma uweke na miaka: 2013 alitoa filamu fupi ya Shoeshine, 2014 Samaki Mchangani nayo fupi, 2017 ndo ikaja T-Junction, ndefu yake ya mwanzo, ikafungua ZIFF, tamasha la filamu la hapa kwetu Zanzibar, ndo tena ukafika huo mwaka 2021. Miaka minane kutoka ile fupi hadi Toronto, na hapo ni mtu aliesoma. Wewe una filamu fupi mbili na miaka 23, uko pale pale wanapokuaga watu.

Sasa hii skuli. Jibu langu ni kwamba si lazima, ila kujifunza ni lazima, na watu wengi wanavichanganya hivi viwili. Skuli nzuri ya filamu inakupa muda wa kukosea bila ya mteja kukudai pesa zake, inakupa wenzako ambao mtafanya kazi pamoja miaka ishirini mbele, na inakupa mtu wa kukwambia usoni kwamba hii sini, yaani onyesho moja la filamu, haisimami. Vifaa vinakuja mwisho kabisa, siku hizi simu yako inatosha kujifunzia karibu kila kitu. Ousmane Sembène wa Senegal kabla ya kugusa kamera alikuwa mpakuzi wa meli bandarini Marseille na alishaandika riwaya, akenda Moscow kusomea filamu anakaribia miaka 40, akarudi na 1963 akatoa filamu fupi ambayo mpaka leo wanafunzi wanaonyeshwa. Alikwenda na jambo lake kichwani, alichokifuata kule ni ufundi tu. Lemohang Mosese wa Lesotho yeye kajifunza mwenyewe, lakini filamu yake ndefu aliipika ndani ya warsha ya Biennale ya Venice, Italia, na 2020 akapata tuzo maalum ya majaji kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Unaona, hata huyo wa kujifunza mwenyewe hakukaa peke yake chumbani, alikwenda pahala kazi yake ikaangaliwa na wenye macho.

Kwa hivo usiniulize skuli ipi, niulize utapata wapi macho ya watu. Kwa sisi wa huku njia zipo kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana idara ya sanaa bunifu, unapata digrii na baba anapata karatasi ya kuiona. TaSUBa, ile taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, ni ya mikono zaidi, na kuwa karibu na watu wa ngoma na maigizo kunamsaidia sana mwongozaji kwa sababu udhaifu wa filamu zetu nyingi si picha, ni namna ya kumuongoza muigizaji. MultiChoice Talent Factory, mafunzo ya filamu ya kampuni ya televisheni ya MultiChoice, walianza 2018 na chuo chao cha Afrika Mashariki kilikuwa Nairobi, miezi 12, Watanzania walichukuliwa na gharama walibeba wao, sasa uulizie wewe mwenyewe kama bado wapo na nafasi zimefunguliwa au la. Maisha Film Lab ya Kampala, aliyoiasisi mwongozaji Mira Nair, ni ya warsha, muda mfupi, unaingia na skripti yako inapasuliwa na kushonwa upya, nayo uulizie kwanza kama warsha zipo. Ulaya na Marekani mimi nasema wazi, bila ya skolashipu kamili usiende, usiuze shamba la mikarafuu la familia kwa ajili ya ada ya mwaka mmoja, manake mwaka wa pili utakuja na shamba halipo.

Na baba yako usimfanye adui. Anachokiona yeye ni kweli, filamu za sanaa hapa kwetu hazimlishi mtu mwanzoni. Wengi ninaowajua wanakula kwa video za harusi, matangazo ya mahoteli na video za mashirika, wachache wana kazi kwenye televisheni, na filamu yao wanaifanya usiku na Jumapili. Ualimu una mshahara na una likizo, na likizo kwa mtengenezaji filamu ni mali. Ubaya wake nnaouogopa ni mmoja, mtu anaingia chuo miaka mitatu hashiki kamera, akitoka jicho limeshalala na ana madeni ya kuanzia maisha. Ukikubali ualimu basi kaa na baba kwa adabu mkubaliane kabisa kwamba kila mwaka utatoa filamu moja fupi, na hiyo isiwe siri wala kitu cha kujificha. Mzee akishiriki hata kwa kukuazima gari ya kubebea mikeka ya sini atabadilika, nimewaona wazee wanaanza na makasiriko wanaishia kuuliza "hebu nionyeshe mlipofika".

Kwenye tuzo: usilipe hizo dola 120. Ntakueleza zinavofanya kazi ili usije ukaingia kwenye nyengine. Kuna biashara kubwa mtandaoni ya matamasha ambayo hayana ukumbi, hayana watazamaji, kila mwezi wanatoa washindi, na vipengele ni vingi mpaka kila aliepeleka anapata chake. Pesa yao ya mwanzo ni ada ya kuingilia, ya pili ndo hiyo ya kombe. Wanajua mtu mchanga ana njaa ya kuweka ile alama ya majani mawili ya ushindi kwenye bango la filamu yake, basi wanamuuzia majani. Dalili ya wazi ni kulipishwa baada ya kushinda. Ada ya kuingilia peke yake si utapeli, matamasha ya kweli mengi nayo yanatoza kupitia FilmFreeway, tovuti ya kupelekea filamu kwenye matamasha, na ukiwaandikia kwa heshima ukaeleza unatoka Pemba na filamu haina bajeti mara nyingi wanakusamehe, waandikie tu hakuna aibu. Kabla ya kupeleka popote angalia kama watu wanakaa kweli ukumbini na majaji wanatajwa kwa majina. Angalia pia filamu walizoonyesha mwaka jana zilifika wapi baadae. Usipoyaona hayo, funga ukurasa.

Tuzo ya kweli sasa ina faida gani? Pesa ni kidogo au hakuna. Faida yake ni kwamba wachaguzi wa matamasha wanafuatiliana, filamu ikionekana vizuri kwenye matamasha makubwa ya Afrika, Durban au Carthage au FESPACO ya Ouagadougou, wa tamasha jengine anaitafuta bila ya wewe kumuandikia, na siku unaomba fedha za filamu ndefu mtu anaejibu anaona kuna waliokuamini kabla yake. Lakini majaji ni watu watatu au watano kwenye chumba. Nimekaa kwenye kuchuja filamu, na nakwambia kukataliwa mara nyingi hakuna maana ya kwamba filamu ni mbaya, pengine kuna mbili za bibi na mjukuu na nafasi ni moja, au saa ya kipindi imebaki dakika tisa na yako ni 14. Ndo maana urefu ni jambo la kulifikiria tangu kwenye skripti. Yako kwa dakika 14 imekaa vizuri, Cannes wenyewe filamu fupi mwisho ni dakika 15 pamoja na majina ya mwisho, Oscar ni 40. Ila kama kuna dakika tatu zinazozunguka pale pale zitoe tu, hutozikosa.

Mlango wako wa mwanzo uwe ZIFF, hili tamasha letu la nchi za jahazi lililoasisiwa 1997. Kupanda boti kutoka Pemba hadi Unguja kwa siku za tamasha ni elimu tosha, hata kama filamu yako haikuchaguliwa. Ukae pale Ngome Kongwe usiku, uangalie filamu na uwaangalie watu wanavoziangalia, wapi wanatoa simu, wapi ukumbi mzima unanyamaza. Mchana nenda kwenye mazungumzo ya waongozaji, uliza swali, jitambulishe kwa jina na kisiwa.

Nije kwenye mtindo, na hapa ndo ntakaa kidogo kwa sababu rafiki yako kakupoteza. Droni usinunue. Inakupa urefu wa juu na basi, na bahari ya Pemba ikipigwa kutoka juu inakuwa ile ile ya kila tangazo la hoteli, halafu kuirusha kunataka kibali chake. Rangi nazo ni vazi la mwisho, ukimvisha mtu asiesimama ataanguka na vazi lake. Mtindo ni maamuzi unayoyarudia kwa makusudi: kamera inasimama wapi, inasubiri muda gani, kitu gani inakataa kuonyesha, na sikio linasikia nini wakati jicho linaangalia kitu chengine. Mtazamaji baada ya sini tatu nne anaishika sheria yako bila ya kuambiwa, anaizoea, na hapo ndo unapata nguvu juu yake, kwa sababu siku ukiivunja mara moja tu ataisikia mwilini hata kama hawezi kusema kimetokea nini.

Tuchukue filamu yako mwenyewe. Bibi kakaa chini, mbele yake fungu la karafuu mbichi, mkono mmoja umeshika shada, unalisukuma kwenye kiganja cha pili kwa kulipindua kidogo, karafuu zinaanguka huku makonyo yanabaki mkononi, anayatupa upande wake wa kushoto bila ya kuangalia. Wengi wangeweka kamera usawa wa macho ya mtu aliesimama, basi bibi wa watu anaonekana kama anasimamiwa na bwana shamba. Teremsha kamera mpaka usawa wa mkeka. Maisha yetu yanapita chini, kwenye mkeka, kwenye kibao cha mbuzi, kwenye baraza, na mtu aliekaa chini ukimpiga kutoka chini anakuwa mwenye nyumba. Mjapani mmoja Yasujirō Ozu, alieanza 1923 kama msaidizi wa mpiga kamera studio ya Shochiku bila ya skuli yoyote ya filamu, alikuja kuiweka kamera yake chini hivo hivo filamu baada ya filamu, manake na wao maisha yao yako kwenye jamvi, na leo ulimwengu mzima unasoma mtindo wake. Sikwambii umuige, nakwambia alitazama watu wa kwao wanakaa vipi akaanzia hapo. Sasa kama filamu yako yote imekaa usawa wa mkeka na ikapanda mara moja tu, pale mjukuu anaponyanyuka kwenda kuchukua begi, hapo huhitaji muziki wa huzuni, urefu wenyewe utasema kaondoka.

Jengine ni subira. Iache ile shoti ya mikono iende mpaka wewe mwenyewe uanze kuona aibu kwamba ni ndefu, halafu ongeza kidogo. Na kipimo cha mwanga cha kamera ya simu kifunge kisibadilike, kwenye simu nyingi ukibonyeza skrini kwa muda inajifunga, la sivyo kila mkono wa bibi ukipita picha inakuwa nyeupe inakuwa nyeusi. Ukipiga ndani kwenye taa za umeme tumia fremu 25 kwa sekunde, umeme wetu ni wa hetsi 50, ukipiga 30 taa zinaweza kucheza cheza na watu watasema filamu ya simu.

Sauti ndo inayowatoa wengi kwenye mchujo, kuliko picha. Weka simu ya pili karibu na mikono ya bibi, chini ya mkeka au nyuma ya kikapu, halafu pigeni kofi moja la viganja mwanzo ili mkiediti mpatanishe sauti na picha. Upepo wa kusi ukivuma tafuta ukuta. Na adhana ikianza mpumzike mpaka imalizike, mbali ya heshima yake kuna jambo la ufundi, ukiikata sini katikati maneno ya adhana yataruka, na hakuna mtu Zanzibar asieijua kwa moyo, wote watalisikia kosa.

Na mazungumzo. Umekulia kwenye lugha ya mafumbo mwanangu, bibi zetu hawasemi jambo moja kwa moja, hadithi inaanza na paukwa pakawa na katikati kuna wimbo unaojirudia, na taarab nzima imejengwa kwa kumwambia mtu bila ya kumtaja. Hiyo ni skuli ya uandishi ambayo wenzako wanailipia. Sijaiona skripti yako lakini kama kuna pahala bibi anasema "mjukuu wangu usiondoke nakupenda", futa. Mpe "msimu wa kesho nani atanichumia" na aendelee kuchambua. Atakaekuwa hajakuelewa ni mgeni, na mgeni nae ataelewa kwa uso wa mjukuu.

Hayo ukiyafanya filamu ya tatu, ya nne, watu wataanza kusema "hii ya yule binti wa Pemba" kabla ya kuona jina. Mtindo wako ni wa wengine kuuona, wewe usikae kuutafuta kwenye kioo.

Kuna mambo lakini usiyamalize kwa kuuliza mtandaoni, nenda mwenyewe. Kibali cha kupiga na kuonyesha ni BASSFU, baraza letu la sanaa, sensa, filamu na utamaduni, nenda na skripti yako mkononi, na sheha wa shehia unayopigia mpe taarifa mapema, ukimpa heshima yake atakusaidia hata kuzima redio za jirani. Kama umetia wimbo wa taarab au wa msanii yoyote, kamtafute mwenyewe au upite COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, upate ruhusa ya maandishi, tamasha litakuuliza na bila ya karatasi filamu inatolewa hata kama ishachaguliwa. Mkataba wowote wa kusambaza, hasa wenye maneno ya haki zote na milele, usitie saini mpaka wakili auone kwa macho yake, ada ya saa moja ya wakili ni ndogo kuliko kupoteza filamu. Anaekwambia uje hotelini peke yako kwa usaili au kwa kuonana na mdhamini, usende, kazi ya kweli inafanywa ofisini au hadharani, na unakwenda na mtu wako, na akikukasirikia kwa hilo umeshapata jibu lake. Akikusumbua zaidi ya hapo waambie wazee wako na ufike polisi, usiyabebe peke yako. Na skolashipu inayotaka utume pesa kwanza ili upewe viza, hiyo waachie wenyewe.

La YouTube. Ile filamu ya mwanzo itie, iwe ndo kitambulisho chako, watu wakikuuliza unawapa linki. Hii ya bibi usiitie bado. Matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijatoka hadharani, mengine yanataka yawe ya mwanzo nchini au Afrika kuionyesha, na ukishaitoa huwezi kuirudisha. Ipandishe kwa linki yenye neno la siri, tia maandishi ya tafsiri ya Kiingereza, umpe mtu anaekijua vizuri ayapitie kwa sababu tafsiri mbovu inaua mafumbo yote ya bibi, halafu peleka ZIFF na matamasha mengine mawili matatu ya Afrika. Ipe mwaka mmoja izunguke. Ukisha mwaka, ichaguliwe isichaguliwe, itoe watu waione, na siku hiyo bibi awe wa mwanzo kuionyeshwa kama bado hajaiona.